Chandarua kipo, mbu hafi: kutafuta kasoro kabla na baada ya kusema "usugu"

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulipopima damu za watoto wa chini ya miaka 5, Mtwara ilikutwa na vimelea vya malaria kwa karibu mtoto mmoja kati ya kila watano, wakati kwa nchi nzima ilikuwa takriban wanane katika kila mia. Na hii ndiyo kanda iliyotangulia wengine: Lindi, Mtwara na Ruvuma zilianza kugawiwa vyandarua vyenye dawa kupitia shule mwaka 2013. Vyandarua vimefika, malaria haijaondoka, na jibu ambalo sasa husikika kila zahanati ni moja: mbu wamekuwa sugu.

Jibu hilo ni kweli, ila lina nusu yake iliyobaki. Zamani dawa ilikuwa na nguvu kiasi kwamba hata chandarua chenye tundu kilisamehewa. Mbu alipokuwa akitambaatambaa kutafuta tundu, miguu ilishika dawa, akaanguka kabla hajalipata. Mbu sugu hutambaa muda wote anaoutaka, na akilifikia tundu anaingia. Kwa hiyo usugu haukuja kuchukua nafasi ya kasoro za zamani (matundu, chandarua kifupi, kufua ovyo). Umezifanya ziumize zaidi. Ndiyo maana uchunguzi unaanza na uzi na futi ya fundi cherehani, na neno "usugu" linafuata baadaye.

Andaa tochi, futi ya fundi, sindano na uzi imara wa nailoni au poliesta, kichupa kikavu chenye kifuniko, na kalenda. Kalenda ndiyo inayoanza.

Homa imerudi siku chache baada ya kufunga chandarua kipya

Hesabu siku. Tangu mbu aume hadi homa ya malaria ionekane hupita siku 7 kwa uchache, mara nyingi 9 hadi 14, na wakati mwingine zaidi. Mtoto aliyefungiwa chandarua Jumamosi akaugua Alhamisi aliumwa kabla ya chandarua. Hakuna cha kurekebisha kitandani, mpeleke akapimwe.

Sababu ya pili huwapotosha hata wahudumu. Kipimo cha haraka kinachotumika sehemu nyingi hunasa protini ya kimelea, si kimelea chenyewe, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mtu aliyetibiwa tarehe 3 akipimwa tena tarehe 20 anaweza kuonyesha mistari miwili bila kuwa na malaria mpya. Kama bado ana homa, anahitaji damu isomwe kwa hadubini.

Ya tatu ni dozi. Dawa mseto ya malaria (ALu) humezwa mara 6 kwa siku 3: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtu mzima humeza vidonge 4 kila mara, jumla 24. Anayeacha siku ya pili kwa sababu kichwa kimetulia, au anayemeza bila kula chochote chenye mafuta, anaweza kuugua tena kwa vimelea vilevile. Karanga, maziwa, au mboga iliyoungwa nazi vinatosha kusaidia dawa kufyonzwa. Malaria ya namna hii ikirudi haihusiani na chandarua hata kidogo.

Asubuhi mbu yumo ndani, tumbo limejaa damu

Hii ndiyo dalili yenye maelezo mengi kuliko zote, na nzuri kwa mchunguzi, kwa sababu mbu mwenyewe ni ushahidi. Ameingia, amekula, na yu hai. Uliza ameingilia wapi, kisha uliza kwa nini hakufa.

Anza na matundu. Fungua chandarua mchana, mtu mmoja asimame ndani na tochi, mwingine nje. Pima kwa mkono, kama wanavyofanya watafiti wa vyandarua. Tundu dogo lisilopitisha kidole gumba (nusu sentimita hadi 2) lina alama 1. Linalopitisha kidole gumba lakini si ngumi (sm 2 hadi 10) lina alama 23. Linalopitisha ngumi lakini si kichwa (sm 10 hadi 25) lina 196. Linalopitisha kichwa, 576. Alama hizo zimetokana na eneo la tundu, ndiyo maana zinaruka hivyo: tundu moja la ngumi ni mlango mpana kuliko matundu madogo mia moja na tisini.

Jumlisha. Hadi 64, chandarua ni kizima. Kuanzia 65 hadi 642 kimeharibika lakini bado kinafaa, kishonwe. Kikizidi 642 kimechakaa, omba kingine. Mfano: matundu madogo 8 na 3 ya kidole ni 8 + 69 = 77, kazi ya nusu saa ya sindano. Matundu 4 ya ngumi ni 784, na hapo sindano imechelewa, ingawa kwa usiku wa leo kishonee kiraka tu. Kulala bila kitu ni kubaya zaidi.

Kipimo hiki kilitungwa kusaidia kuamua chandarua kibadilishwe lini, na kinafaa kwa kazi hiyo. Lakini pale ambapo mbu ni sugu, tusingeridhika na "bado kinafaa". Shona kila tundu linalopitisha kidole siku unayoliona. Kiraka kizuri hukatwa kwenye chandarua cha zamani cha aina ileile, si kitambaa cha kanga, maana kanga haina dawa na huziba hewa.

Kisha tafuta kilichotoboa, la sivyo utashona tena mwezi ujao. Matundu yaliyojipanga chini, sm 20 hadi 40 kutoka pindo, huletwa na ncha za mbao na kamba za kitanda kila chandarua kinapochomekwa na kuchomolewa. Matundu yenye kingo ngumu zilizoyeyuka ni kibatari au mshumaa. Yenye kingo zilizotafunwa, hasa pale panapowekwa korosho au mahindi chumbani, ni panya, na panya hawaishi kwa kushona: ghala lihame. Mpasuko mrefu ulionyooka juu, karibu na kitanzi, ni kamba fupi mno inayovuta kila mtu anapoingia.

Kama matundu hayatoshi kueleza, pima kitanda. Chukua chandarua cha upana wa sm 180, urefu 190 na kimo 150. Kitanda cha futi 4 kwa 6 ni sm 122 kwa 183, hivyo kila upande hubaki na sm 29 za nafasi. Kitanda cha 5 kwa 6 hubakiwa na sm 14 kila upande: kiwiko cha anayelala pembeni kitagusa wavu. Kitanda cha 6 kwa 6 kina upana wa sm 183, chandarua kimepungua sm 3 hata kabla mtu hajajigeuza. Ngozi inayogusa wavu huumwa kupitia macho ya wavu. Mbu wa zamani angesita kusimama pale kwa sababu ya dawa, mbu sugu husimama na kula. Watoto watatu ndani ya chandarua cha watu wawili wana tatizo hilohilo, na anayeugua kila mara ni yule wa pembeni. Badilishaneni nafasi kwa muda, lakini dawa ya kweli ni chandarua cha pili. Hesabu ya kitaifa ni kimoja kwa kila watu wawili.

Kimo nacho huhesabiwa. Godoro la inchi 6 ni sm 15. Ili upate sm 30 za kuchomeka chini ya godoro, toa 15 na 30 kwenye 150: dari ya chandarua inapaswa kuwa sm 105 juu ya godoro, isizidi. Wengi hukifunga juu sana, kwenye boriti, kipate kupendeza, kisha pindo linaning'inia usawa wa godoro na mbu hupita chini yake bila kuhitaji tundu. Ongeza urefu wa kamba. Kwenye kitanda cha kamba kisicho na godoro, tandika mkeka mpana na uchomeke chini ya mkeka. Kamba zenyewe zina nafasi ambazo mbu hupanda kutokea uvunguni. Kwa anayelala chini, vilevile, chini ya mkeka pande zote nne.

La mwisho hapa ni muda. Chandarua kishushwe jua likizama, kabla mbu hawajaingia chumbani, na kabla ya kulala mulika pembe zote za ndani. Mbu aliyefungiwa humo na mwenye nyumba hana sababu ya kutafuta tundu.

Kelele usiku kucha, lakini malaria si nyingi

Pengine chandarua chako hakina kosa. Mbu anayevuma sikioni, wa rangi ya kahawia, anayetulia ukutani mwili ukiwa sambamba na ukuta, ni kuleksi. Huzaliana kwenye vyoo vya shimo, makaro na maji machafu, huzoea dawa haraka, na haambukizi malaria, ingawa hueneza matende na mabusha, ambayo pwani ya Lindi na Mtwara inayafahamu vizuri. Anofelesi, mbu wa malaria, hutua kichwa chini, mkia juu, kama msumari uliopigwa upande. Anofelesi funestasi ni mdogo, mweusi, mtulivu, na ndiye wa kuogopwa zaidi. Mweusi mwenye mabaka meupe anayeuma mchana ni aedesi wa dengue, na chandarua cha usiku hakimhusu.

Kamata watano au sita kwa kichupa kabla ya kulaani dawa. Wote wakiwa kuleksi, kazi iko chooni: funika tundu, ziba ufa, weka wavu kwenye bomba la hewa.

Mbu hawafi: sakafu ni safi kila asubuhi

Wazee wanakumbuka vyandarua vya mwanzo. Ulikuwa ukifagia mbu asubuhi. Sasa hakuna, na watu husema dawa imeisha. Dalili hii ina sababu nne tofauti, na tiba zake hazifanani, kwa hiyo soma lebo kwanza. Imeshonwa kwenye mshono wa pembeni, karibu na pindo au dari.

Chandarua kisicho na lebo ya dawa kabisa, cha duara chenye lesi, cha sokoni, huenda hakikuwahi kuwa na dawa. Ni ukuta wa nyuzi tu. Kikiwa kizima kinasaidia, kikitoboka hakina cha ziada.

Chandarua chenye dawa moja ya jamii ya pareto ndicho kilichogawiwa kwa miaka mingi. Pareto ni ua linalolimwa Nyanda za Juu Kusini, na viwandani imeigwa kwa majina kama permethrini, deltamethrini na alfasaipermethrini. Mifano ni Olyset ya kawaida na PermaNet 2.0. Dawa hizi huangusha mbu dhaifu ndani ya dakika chache, na ndiyo maana aliyezoea kufagia alifagia. Mbu sugu huzimia, hulala chali kidogo, kisha huamka na kuruka. Ukiona mbu amelala sakafuni saa 12 asubuhi na saa 3 hayupo, si lazima siafu wamembeba.

Kundi la tatu lina pareto pamoja na kiambata kiitwacho PBO, kwa mfano Olyset Plus na PermaNet 3.0. Kundi la nne lina dawa mbili: pareto na klofenapiri (Interceptor G2), au pareto na pairiproksifeni (Royal Guard), ambayo huharibu uzazi wa mbu jike. Kwenye lebo, jina la klofenapiri huanza na herufi "chl", na la pairiproksifeni "pyri".

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Chandarua chenye klofenapiri hakiachi mbu sakafuni. Dawa hiyo haigongi neva kama pareto, hukata uzalishaji wa nguvu ndani ya seli, na mbu hufa polepole, mara nyingi kati ya siku 1 na 3, akiwa kwenye nyasi za paa au migombani. Sakafu safi chini ya chandarua cha aina hii si dalili ya kasoro. Na kuchelewa huko hakudhuru: kimelea cha malaria kinahitaji takriban siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza mtu, hivyo mbu anayekufa siku ya tatu hajafika popote.

Uzuri wake zaidi uko kwenye namna usugu unavyofanya kazi. Mbu hujikinga kwa njia kuu mbili. Katika ya kwanza, mahali dawa inaposhika kwenye neva pamebadilika umbo, kama kitasa kilichobadilishwa: ufunguo ni uleule, mlango haufunguki. Katika ya pili, mbu ana vimeng'enya vingi vinavyoivunja dawa kabla haijafika kwenye neva. PBO huzuia vimeng'enya hivyo, kwa hiyo husaidia usugu wa njia ya pili na haina msaada mkubwa kwa ya kwanza. Klofenapiri inageuza mchezo: inaingia mwilini ikiwa haijakamilika, na vimeng'enya vilevile vinavyovunja pareto ndivyo vinavyoikamilisha kuwa sumu. Mbu aliyejizatiti dhidi ya pareto anajimaliza mwenyewe.

Ushahidi mkubwa ulitoka hapahapa nchini, Misungwi mkoani Mwanza, ambako vyandarua vya makundi haya vilishindanishwa kuanzia 2019 na matokeo kuchapishwa 2022. Kwa miaka miwili, watoto waliopewa vyenye klofenapiri walipata malaria pungufu kwa asilimia 44 kuliko waliopewa vya pareto pekee. Vya PBO vilisaidia mwaka wa kwanza, kisha faida ikafifia. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwa uzito vyenye klofenapiri mahali ambapo mbu ni sugu kwa pareto. Kanda ya ziwa si Kusini, na mbu hawana mipaka ya mkoa wala hawafanani kila mahali, lakini ukipewa nafasi ya kuchagua, hilo ndilo kundi la kuomba.

Angalizo kwa wenye PermaNet 3.0: PBO imo kwenye kitambaa cha juu peke yake, pande zina pareto tu. Fundi akikigeuza kuwa cha duara na kutupa dari, ametupa kilichokuwa na thamani.

Sababu ya nne ni kufua. Chandarua cha muda mrefu kimeundwa kuhimili mifuo 20 na miaka 3. Ukifua kila miezi mitatu, miaka mitatu ni mifuo 12, umebakiwa na akiba. Ukifua kila mwezi, 20 zinaisha ndani ya miezi 20. Ukifua kila Jumamosi pamoja na mashuka, miezi mitano haifiki. Tumia maji baridi na sabuni ya mche, beseni, mikono. Jiki, sabuni kali ya unga, maji moto na kupiga kwenye jiwe vyote vinakomba dawa au kukata nyuzi. Anika kivulini, kwa kuwa jua huvunja dawa. Chandarua cha nyuzi nene za plastiki kama Olyset kina dawa ndani ya uzi, na ikifuliwa ile ya juu inahitaji siku kadhaa kujitokeza tena. Cha nyuzi laini za poliesta kina dawa iliyopakwa juu. Maji ya kufulia yamwagwe chooni au shimoni mbali na kisima. Dawa hizi huua samaki na uduvi kwa kiasi kidogo sana, na ndiyo hoja moja kati ya nyingi dhidi ya kuvulia kwa vyandarua kwenye mikoko.

Kuna jambo ambalo lisijaribiwe kabisa: kuchovya chandarua kwenye dawa ya shambani ili "kukiongezea nguvu". Dawa za mikorosho zimetengenezwa na viyeyushi vya shamba, hazikupimwa kwa mtoto anayenyonya pindo la wavu usiku kucha. Na hazitasaidia. Dawa inayopigwa kwa mbu wa mikorosho, yule mdudu afyonzaye machipukizi, mara nyingi ni lamdasaihalothrini, ambayo ni ndugu wa pareto uleule ambao mbu wa malaria ameshauzoea. Salfa ya unga ya ubwiri unga haihusiki na usugu huu, ni kitu kingine kabisa. Kinachohusika ni bomba linalosuuzwa mtoni au kwenye dimbwi baada ya kupulizia: viluwiluwi wa anofelesi waliomo hupata dozi ndogo isiyoua wote, na wanaobaki ndio wazazi wa kizazi kinachofuata. Si sababu pekee, kwani vyandarua vyenyewe na upuliziaji wa majumbani vimewachuja mbu kwa miaka mingi, lakini hii ni ile ambayo mkulima wa Tandahimba au Nachingwea anaweza kuiacha kesho. Suuza bomba shambani, mwaga maji hayo chini ya mikorosho iliyokwisha kupuliziwa.

Nani huthibitisha usugu, na vipi

Kwa macho ya nyumbani huwezi. Mbu aliyefungiwa kwenye chupa juani na kipande cha chandarua atakufa kwa joto, utasema dawa ni kali. Kipimo cha kawaida huweka mbu wapatao 25 kwenye bomba lenye karatasi ya dawa (deltamethrini asilimia 0.05, au permethrini asilimia 0.75) kwa saa 1, kisha huhamishiwa bomba safi na maji ya sukari, na huhesabiwa baada ya saa 24, pamoja na kundi lingine ambalo halikuguswa na dawa. Wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa inawaweza. Chini ya 90, usugu umethibitika. Kisha hujaribiwa dozi mara 5 na mara 10, na hupitishwa kwanza kwenye PBO kuona kama vifo vinarudi juu. Vikirudi, vimeng'enya ndivyo tatizo, na chandarua cha PBO kina maana.

Chandarua chenyewe hupimwa kwa koni: mbu 5, dakika 3 juu ya kitambaa, kisha saa 24 za kusubiri. Koni haifai kwa klofenapiri, kwa sababu mbu anayepumzika mchana haitumii dawa vya kutosha. Hupimwa usiku akiwa anaruka, na huhesabiwa hadi saa 72. Anayekuletea matokeo ya koni ya chandarua cha klofenapiri na kusema kimefeli, mwulize alisubiri saa ngapi.

Chandarua kizima, dawa mpya, na bado mtu anaugua

Basi hakuumwa kitandani. Andika kwa siku saba aliyeugua alikuwa wapi tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mara nyingi jibu linajitokeza lenyewe. Oktoba hadi Desemba familia huhamia kwenye mikorosho kuokota, wakilala kwenye vibanda visivyo na kuta. Mvua zikishika, wanaolinda mahindi na mpunga dhidi ya nguruwe pori hulala dunguni. Usiku wa unyago na ngoma, watoto na akina mama wako uwanjani hadi alfajiri. Msibani watu hulala matangani nje. Anofelesi huuma zaidi usiku wa manane, lakini wapo wanaoanza mapema jioni, wakati chakula kinapikwa barazani.

Kibandani chukua chandarua, usiache cha nyumbani kikikaa bure. Miti minne na kamba inatosha. Kwa saa za barazani kuna dawa ya kupaka, nguo ndefu, na kusogeza jiko. Nyumbani, ziba uwazi kati ya ukuta na paa, maana anofelesi huingilia hapo zaidi kuliko mlangoni, na weka wavu madirishani. Nyumba ya makuti yenye upenu wazi ina milango pande zote nne.

Kinawasha, watu hawataki kulala ndani

Kilifungwa kikiwa kimetoka tu kwenye mfuko. Kitundike kivulini saa 24, nje au chumba chenye hewa. Nawa mikono baada ya kukishika. Muwasho wa uso au chafya huisha. Wengine hukifua ili kisiwashe: umepoteza mfuo mmoja kati ya 20 bila sababu.

Wagonjwa wameongezeka kijiji kizima

Hapa nyumba moja haitoshi, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye anayeshika kalamu. Tembelea kaya 20 au 30 zilizochaguliwa bila upendeleo, si zile za barabarani tu. Kwa kila chandarua andika: jina kwenye lebo, kilipatikana lini na wapi (shule, kliniki ya wajawazito, chanjo, au dukani), jumla ya alama za matundu, kimefuliwa mara ngapi, na nani alilala ndani usiku uliopita. Usiulize "mnatumia chandarua?", utajibiwa ndiyo. Omba kuona kilipo. Kilichokunjwa kwenye sanduku kinajieleza.

Ukikuta nusu ya vyandarua vimezidi 642, kijiji kinahitaji vyandarua, si maabara. Ukikuta vizima, vya pareto pekee, watu wanalala ndani, na wagonjwa bado ni wengi, hapo una hoja ya usugu. Ipeleke kwa mratibu wa malaria wa halmashauri pamoja na mbu uliokusanya: wakavu, kwenye kichupa chenye pamba kidogo na karatasi laini juu yake, kila nyumba kichupa chake, tarehe na jina la kitongoji kwa penseli, kwa kuwa wino hufutika. Mbu wakiwekwa na unyevu huota ukungu. Waliokufa wanafaa kutambua aina yao, lakini kipimo cha dawa kinahitaji viluwiluwi hai, hivyo eleza pia maji yalipo. Funestasi hupenda maji ya kudumu yenye majani, kama mabwawa ya kando ya mito Lukuledi na Ruvuma. Gambiye, anofelesi mwingine, huzaliana kwenye madimbwi madogo yenye jua, nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali. Karibu na mashamba ya chumvi kuna anofelesi wa maji ya chumvi, na timu ya mbu itakushukuru ukiitaja chumvi mapema, kabla hawajabeba vifaa vya maji baridi pekee.

Ukisubiri majibu, usikusanye vyandarua vya zamani. Kila kaya ibaki na chake, kilichoshonwa, hadi kipya kifike mkononi.